Kuumba na Kuumbua: Uso Uliopotoshwa na Rangi Kali katika Picha za Watu za Wasanii wa Kenya

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili unaishi kwa mkopo wa muda mrefu kutoka kwa wachoraji. Tunapomtaka mwanafunzi aeleze namna mwandishi alivyowasawiri wahusika wake, tunatumia kitenzi cha mtu mwenye brashi mkononi. Maneno sawiri, taswira na sura yanatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kutia umbo. Hata wahusika bapa na duara, tuliowapokea kutoka kwa E. M. Forster na kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu riwaya, ni wahusika waliopimwa kwa jicho la mtu anayetazama kitu kilichochorwa au kuchongwa. Licha ya hayo, ni nadra kukuta katika majarida ya idara zetu makala yanayosimama mbele ya picha yenyewe na kuihakiki. Tumeazima msamiati, mwenye mali tumemsahau.

Makala haya yanakusudia kulipa sehemu ndogo ya deni hilo. Yatajadili picha ya mtu, yaani ile kazi ya uchoraji inayodai kutuonyesha mtu fulani au watu fulani, kama inavyofanywa na baadhi ya wasanii wa Kenya ambao huupinda uso, huuvimbisha, huukata vipande, na kuupaka rangi ambazo hakuna ngozi iliyo nazo. Tutadai kwamba Kiswahili kina zana za kuisoma kazi hiyo, tena zana zinazofaa kuliko nyingi tunazoziazima kila tunapotaka kuonekana wataalamu. Zana iliyo bora kuliko zote ni kitenzi kimoja cha kawaida kabisa, ambacho tutakifikia hivi punde.

Suala lenyewe si la mapambo. Mnamo Agosti 2024, Eldoret ilipokuwa ikipandishwa hadhi kuwa jiji, sanamu za wanariadha zilisimamishwa mjini humo. Umma ulizitazama, ukazicheka barabarani na katika simu, na hatimaye zikaondolewa. Sura zile hazikufanana na mtu yeyote ambaye watu walimpenda na kumjua. Hapa Kakamega, mwendo wa saa chache kutoka Eldoret, tulicheka pamoja na wenzetu. Lakini tujiulize: kama pembeni mwa sanamu ile pangewekwa picha ya Sane Wadu au ya Michael Armitage, wangapi kati ya waliocheka wasingeicheka nayo kicheko kilekile? Mhakiki anayeshindwa kueleza tofauti iliyopo kati ya uso uliokosewa na uso uliopotoshwa kwa makusudi hana la kumwambia anayecheka. Tena hana haki ya kumdharau.

Lugha na nyuso zake

Lugha yetu inawapinda watu tangu zamani. Aliyekubali jambo asilolitaka amelikubali shingo upande. Bahili ana mkono wa birika, mwizi ana mkono mrefu, mwenye majivuno ana kichwa kikubwa. Aliyeshtuka ametoa macho pima, na asiye na haya ana uso mkavu. Hebu mchoraji achukue turubai awachore watu hawa sita kama walivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Mtazamaji atadhani kwamba mchoraji huyo amesomea Paris. Balagha yetu huliita jambo hili chuku, na wahakiki wa miaka ya karibuni wamelipa jina la ukiushi pale linapohusu kuvunjwa kwa kaida ya lugha au ya umbo. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anayesema kwamba haelewi kwa nini mchoraji ametia shingo ndefu iliyopinda anasahau kwamba yeye mwenyewe, asubuhi ileile, huenda amemsema jirani yake vivyo hivyo.

Kitenzi tulichoahidi ni kuumbua. Kimetokana na kuumba, kama fumbua ilivyotokana na fumba na zibua na ziba: kinatendua kilichotendwa. Maana yake moja ni kuharibu umbo. Maana yake ya pili, ambayo ndiyo iliyozoeleka mitaani, ni kumfedhehesha mtu kwa kuweka wazi alichokuwa amekificha. Lugha imeyafunga mambo mawili katika neno moja: kuliharibu umbo na kuifichua siri. Tunaona kwamba hapa ndipo penye kiini cha picha ya kisasa ya mtu. Mchoraji anapouharibu uso anafichua jambo, na swali la mhakiki haliwezi kuishia kwenye kama uso umefanana au haukufanana. Swali ni nani anayeumbuka: aliyechorwa, aliyechora, aliyeagiza, au sisi tunaotazama?

Neno la pili linalostahili kukumbukwa ni kusawijika. Sauti zake zinakaribiana na kusawiri, ingawa hatudai kuwa yana undugu wa mizizi. Uso husawijika kwa maradhi, njaa au msiba. Rangi hupotea na umbo hupotea pamoja nayo, na jamaa hawamtambui mtu wao. Huu ni upotoshaji usiotokana na brashi. Mchoraji anayetaka kuuchora uso uliosawijika kwa uaminifu atalazimika kuupotosha, maana maisha yalikwisha kuutangulia mkono wake.

Kuhusu rangi, Kiswahili kina mambo ambayo hatujayatumia ipasavyo katika uhakiki. Vivumishi vya rangi vyenye asili ya Kibantu na vinavyochukua upatanisho wa ngeli ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine tumezichuma kutoka katika vitu. Kijani imetoka kwenye majani, kijivu kwenye jivu, manjano ni kiungo cha mchuzi, kahawia ina kahawa ndani yake, zambarau ni tunda, na samawati ni mbingu. Anayesema "uso wa kijani" amesema, kwa hesabu ya maneno, uso wenye namna ya majani. Yamkini msemaji wa kila siku haoni jani lolote anapolitaja neno hilo, kama vile asemaye "jua limezama" haoni maji. Hata hivyo tashbihi imelala humo na mchoraji anaweza kuiamsha. Tena katika ngozi za watu lugha haijawahi kuwa ya kihalisia: kuna aliye mweusi ti, kuna wa maji ya kunde, kuna tunayemwita mwekundu ilhali si mwekundu, na uso wa mwenye hasira tunasema umeiva. Tunawapaka watu rangi kali kwa maneno, kisha tunashangaa zinapotokea kwenye turubai.

Jambo jingine tunalo karibu mno kiasi cha kutoliona. Pale Ilesi, kando ya barabara inayotoka Kisumu kuja Kakamega, limesimama jiwe refu la mita zipatazo 40 ambalo wenyeji huliita Ikhongo Murwi, na wageni huliita Jiwe Linalolia. Jiwe moja limekaa juu ya jingine mithili ya kichwa juu ya kiwiliwili, na maji hutiririka kutoka juu. Halina macho, halina pua wala mdomo. Watu wameliona likilia kwa vizazi vingi. Picha ya mtu, basi, haihitaji viungo vyote vya uso ili isomeke kuwa mtu. Mkao na dalili moja ya uchungu vinaweza kutosha. Kilomita chache kutoka jiwe hilo akina mama wa Ilesi wanafinyanga vyungu, na kila mfinyanzi anajua kwamba udongo hauwi chombo mpaka uvunjwe umbo lake la kwanza.

Hapa tujihadhari na madai mawili mepesi. La kwanza ni kwamba uso uliopotoshwa na rangi kali ni mambo ya Wazungu tuliyoletewa. Ni kweli kwamba mwaka 1905 Henri Matisse alimchora mkewe akiwa na mstari wa kijani katikati ya uso, na kwamba mwaka huohuo mhakiki Louis Vauxcelles aliwaita yeye na wenzake hayawani wa mwituni, jina lililowaganda. Lakini ni kweli pia kwamba Pablo Picasso, alipokuwa akiwachora wanawake wake watano mwaka 1907, alikuwa amezitazama kazi za Afrika katika jumba la makumbusho la Trocadéro. Mkopo ulikwenda pande zote mbili, na wa kwetu haukuandikwa daftarini. Dai la pili, ambalo linapendeza zaidi masikioni na kwa hiyo ni la hatari zaidi, ni kwamba upotoshaji huu ni urithi wetu wa damu. Wanaolitoa hutaja vinyago, na hapa kwetu wanaweza kutaja vijana wa Kitiriki wanaofunikwa nyuso kwa vifuniko vya kusukwa vyenye rangi wakati wa jando, au kijana wa Kibukusu anayepakwa tope mtoni alfajiri ya siku ya kutahiriwa. Mifano hiyo ni ya kweli. Ila kifuniko cha jando hakimchori mtu. Kinamfuta kwa muda ili arudi akiwa mwingine. Picha ya Wadu hairudishi mtu nyumbani kwa nyimbo. Kuviita viwili hivyo kitu kimoja ni kuvikosea vyote viwili heshima.

Uso laini wa dola

Kwa nini wasanii wa Kenya waupotoshe uso, ilhali wangeweza kuulainisha? Sehemu ya jibu iko ukutani. Kwa miaka mingi picha ya mtu iliyoonekana na Wakenya wengi zaidi kuliko nyingine yoyote ilikuwa picha rasmi ya Rais, iliyotundikwa katika maduka, ofisi na madarasa. Uso ule haukuwa na mkunjo. Haukuzeeka kwa kasi ya watu waliokuwa wakiutazama. Jomo Kenyatta alikuwa kwenye sarafu, na baada yake Daniel arap Moi, aliyetawala kuanzia 1978 hadi 2002. Mtoto aliyetumwa dukani alikwenda na kurudi na uso wa kiongozi kiganjani.

Nchi ilipojiandikia katiba mpya mwaka 2010, ilitia ndani yake sharti ambalo mhakiki wa sanaa hana budi kulisoma mara mbili. Kifungu cha 231 kinasema kuwa noti na sarafu zinaweza kuwa na michoro inayoiwakilisha Kenya, ila zisiwe na picha ya mtu binafsi yeyote. Sarafu za mwaka 2018 zikaja na wanyama. Noti za 2019 zilipotoka, mabishano yakafika mahakamani, kwa kuwa sanamu ya Kenyatta ilionekana mbele ya jengo la KICC. Ni nchi chache ambazo zimelifanya suala la picha ya mtu kuwa suala la kikatiba kwa namna hii. Wananchi walikuwa wamechoka na uso usiosema kitu.

Katika muktadha huo, uso uliopindwa una uzito ambao haungekuwa nao Paris. Wachora katuni waliutumia kwanza. Gado, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi kubwa Nairobi, alizikuza pua na matumbo ya wakubwa kwa miaka mingi magazetini. Joseph Bertiers, aliyeanza kwa kuchora vibao vya baa, aliwatia viongozi wa dunia katika vurugu za kilabuni. Na karibuni zaidi Gideon Kibet, ajulikanaye kama Kibet Bull, aliondoa uso kabisa: alimwonyesha Rais kwa kivuli cheusi kitupu, na bado kila mtu akamtambua. Kibet alitekwa Desemba 2024 na kupatikana akiwa hai Januari 2025. Anayedhani kwamba kupotosha umbo ni mchezo wa watu wenye nafasi na autafakari mwezi huo.

Ila katuni na picha ya mtu si kitu kimoja. Katuni inajua tangu mwanzo nani ataumbuka. Inamwendea mtu mmoja, inamvua nguo na kuondoka. Picha ya mtu, ikiwa ni kazi nzito, haina hakika hiyo, na kwa sababu hiyo inastahili subira zaidi.

Mtu aliyejiita mzima

Sane Wadu alizaliwa mwaka 1954 Nyathuna, Kiambu. Alifanya kazi ya ualimu na ya ukarani wa mahakama, kisha akaziacha ili achore. Watu waliomwona akiacha mshahara na kuvaa nguo alizozipaka rangi mwenyewe walisema amerukwa na akili. Jawabu lake lilikuwa kubadili jina. Alijiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mwenye akili timamu, na akalitia sahihi kwenye kila kazi. Tunalitazama tendo hili kuwa picha yake ya kwanza ya nafsi. Walitaka kumwumbua, yeye akalichukua neno lao, akaligeuza, akalivaa.

Kazi zake za mapema zina watu na wanyama waliochanganyika, mikono mirefu kuliko haja, macho makubwa yaliyokaa pasipo usawa, rangi iliyorundikwa kwa haraka ya mtu anayeogopa kwamba wazo litaponyoka. Katika miaka ya 1980 na 1990 kazi hizi na za wenzake ziliuzwa sana na Gallery Watatu ya Nairobi chini ya Ruth Schaffner, aliyefariki mwaka 1996, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Wadu na wengine walianzisha chama cha wasanii cha Ngecha mwaka 1995, na mwaka 2022 taasisi ya sanaa iitwayo NCAI, jijini Nairobi, iliandaa onyesho kubwa la kazi zake za miaka mingi.

Uhakiki uliomzunguka Wadu kwa muda mrefu ulikuwa na neno moja la uvivu: hakusomea. Neno hilo lilisemwa kwa sifa na wanunuzi, na kwa dharau na waliotoka vyuoni, lakini kazi yake ilikuwa ileile pande zote mbili. Lilimnyang'anya makusudi yake. Msanii aliyehitimu akipinda uso, tunasema amechagua. Ambaye hakuhitimu akiupinda, tunasema ameshindwa kuunyosha. Ndiyo maana hatukubali ule mtihani unaotajwa na wengi, kwamba mchoraji athibitishe kwanza kuwa anaweza kuchora uso ulionyooka ndipo aruhusiwe kuuvunja. Mtihani huo unamfaa Picasso. Kwa upande wetu unamfaa Euphrase Kezilahabi, aliyetupa kwanza Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya yenye kijiji chenye jina, baba mlevi tunayeweza kumnusa na msichana tunayeweza kumlilia, kisha akatupa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, ambamo msimulizi hana hata jina na sura za watu zinayeyuka. Waliolalamika kwamba Nagona haieleweki walinyamazishwa kwa kuelekezwa kwenye Rosa Mistika. Wadu hana Rosa Mistika. Alianza na Nagona yake moja kwa moja, na hakuna sheria ya sanaa inayomkataza.

Tunapendekeza kipimo kingine. Tazama nyuso kadhaa za msanii mmoja. Kama zote zimepindwa kwa namna ileile, mdomo uleule, jicho lilelile, zambarau ileile shavuni, basi mbele yetu kuna muhuri, na muhuri haumjui mtu. George Lilanga wa Tanzania, aliyefariki 2005, alirudia nyuso za mashetani wake, na hakukosea: shetani ni aina, hana kitambulisho. Lakini anayedai kumchora mtu hana ruhusa hiyo. Upotoshaji wenye maana hutofautiana kutoka uso mmoja hadi mwingine kwa sababu watu hawakusawijika kwa sababu moja. Tukiwapima kwa kipimo hiki, Wadu anapita mara nyingi, ingawa si mara zote. Vijana wengi wanaouza nyuso za buluu kwa watalii hawapiti. Na sanamu ya Eldoret? Ile ilikusudia kufanana, ikakosa. Upungufu wake haukutuambia lolote kuhusu mkimbiaji. Aliyeumbuka pale ni aliyeipokea kazi na kuisimamisha barabarani.

Gome, tundu na rangi

Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea uchoraji London, anatuletea tatizo tofauti. Yeye amesoma, tena sana. Goya na Titian wako ndani ya kazi zake, na hafichi. Lakini mwahali ambapo Mzungu angetandika turubai ya kitani yeye hutandika lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo Waganda huitengeneza kwa kupondaponda gome, na ambayo pamoja na matumizi mengine huvikwa maiti. UNESCO iliutambua utengenezaji wake mwaka 2005. Armitage amesimulia kwamba aliikuta ikiuzwa Nairobi kama kumbukumbu za watalii. Gome hilo lina matundu ya asili na mishono, anayaacha yaonekane. Brashi inayopita ikichora shavu hukuta kovu la mti, na kovu la mti likawa la mtu.

Huu ni upotoshaji ambao nusu yake haikufanywa na msanii. Uso unapinda kwa sababu kitu ulichochorwa juu yake kina historia yake. Wanafunzi wa fasihi watalielewa jambo hili upesi wakikumbuka namna arudhi inavyomlazimisha mshairi kuvunja neno ili mizani itimie: inkisari na mazda si makosa, wala si hiari kamili. Hatudhani kuna mfano mwingine wa karibu zaidi.

Mwaka 2017 Armitage alihudhuria mkutano wa upinzani Uhuru Park, Nairobi, akifuatana na waandishi wa habari, na kutokana na mkutano huo akachora mfululizo wa picha ambazo baadhi zilionyeshwa Venice mwaka 2019. Umati ulioko humo una nyuso za kijani kibichi, za waridi, za zambarau iliyochafuka. Katika The Fourth Estate, ya mwaka 2017, watu wameparamia mti ili waone. Picha ya gazeti ingetuonyesha mti uliojaa wafuasi. Armitage anatuonyesha miili iliyoanza kuwa matawi, na nyuso ambazo zimepoteza mipaka yake kwa sababu kila mmoja anatazama anakotazama mwenzake. Hilo ni jambo la kweli kuhusu mkutano wa siasa, na hatujui namna ya kihalisia ya kulisema kwa kiwango hicho.

Hata hivyo tuna shaka. Rangi za Armitage ni tamu. Zinaweza kulifanya jicho lipumzike pale ambapo lilipaswa kuumia, na mtazamaji aliyesimama katika jumba la Royal Academy, London, ambako kazi zake zilionyeshwa mwaka 2021, anaweza kuondoka akiwa amepata mandhari ya Afrika yenye kupendeza na kidogo ya vurugu. Tunasema hivi bila kusahau kwamba katika onyesho hilohilo alitundika pia kazi za waliomtangulia, akina Wadu, Jak Katarikawe, Theresa Musoke na Meek Gichugu, na kwamba NCAI iliyotajwa hapo juu yeye ndiye mwanzilishi wake. Ukarimu wa mtu ni jambo moja. Utamu wa rangi zake ni jingine.

Nani anaumbuka?

Pingamizi zito dhidi ya kazi hizi linahusu heshima. Mzee mmoja wa kwetu angeuliza: kama mtu huyu ni maskini, amepigwa, amefukuzwa, kwa nini umwongezee kilema? Je, hiyo si kumvunjia uso mara ya pili? Pingamizi hilo halijibiwi kwa kusema kwamba sanaa iko huru.

Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amelijibu kwa kazi. Katikati ya miaka ya 2000 alichukua michoro ya kale ya vitabu vya tiba vya Ulaya, iliyoonyesha maradhi ya viungo vya uzazi vya wanawake, na juu yake akabandika midomo, macho na manyoya yaliyokatwa magazetini, mpaka zikatokea nyuso. Ni nyuso za kutisha na za kuvutia kwa pamoja. Mwanamke aliyeko humo alikuwa amekwisha kukatwakatwa kabla Mutu hajashika mkasi, na daktari, na gazeti la mitindo, na jicho la mwanamume. Kinachoumbuka ni visu vya awali. Hapa tunaona kitenzi chetu kikifanya kazi yake kikamilifu.

Shabu Mwangi wa Mukuru, Nairobi, mmoja wa waanzilishi wa Wajukuu, kikundi kilichoshiriki documenta ya 15 huko Kassel mwaka 2022 na kupata tuzo ya Arnold Bode mwaka huo, ana njia nyingine. Vichwa vyake hukaribiana hadi kuingiana, macho yamefifia, rangi inakwanguliwa na kurudiwa. Kuna picha zake ambamo huwezi kusema mtu mmoja anaishia wapi. Tukizipima kwa kipimo chetu cha tofauti, tunakwama, na pengine kipimo ndicho kinachopaswa kurekebishwa: mtaa wa mabati ambamo vyumba vinagawana ukuta hauwezi kumpa kila mtu sura yake peke yake. Hapo usawa wa nyuso ni habari. Lakini ni habari inayoweza kutumika mara chache kabla haijawa muhuri, na Mwangi anapozirudia nyuso zile katika kazi ndogondogo nguvu yake hupungua.

Turudi kwa mzee wetu na kwa watu walioko mtini. Tuseme mmoja wa vijana waliopanda mti Uhuru Park mwaka 2017 anasimama mbele ya picha ya Armitage. Uso wake hautaupata: ni wa kijani, na pua imemezwa na mshono wa gome. Sisi tunaona kwamba angejitambua kwa mkono ulioshika tawi na kwa uzito wa mwili uliolalia upande mmoja ili mwenzake apate nafasi, jinsi watu wa Ilesi wanavyolitambua jiwe lao. Kisha angemtafuta yule aliyekuwa akihutubia jukwaani, ambaye kwa ajili yake alipanda, na asimwone mahali popote katika picha ile.